Kabla hujamwaga besi bwawani, jua alivyofika Naivasha



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa upande wa Gilgil. Ana bwawa nyuma ya nyumba, lina tilapia waliozaana mpaka wamedumaa, kila mmoja ni wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Sokoni hawanunuliki. Kijana wake amemwambia dawa ni kuleta vifaranga thelathini vya yule "samaki wa Wazungu mwenye mdomo mkubwa" kutoka Naivasha. Watapunguza tilapia, na juu yake watu wa mjini watakuja na fimbo zao kuvua, walipe kiingilio, wanunue chai na mayai ya kuchemsha. Mzee alitaka kujua tu atawabeba kwa ndoo au kwa mtungi.

Hesabu ile haikuwa ya kipumbavu, na sikutaka kumjibu kwa haraka. Nilimwambia, "Mzee wangu, twende kwanza ziwani tukamvue, tumwone anakula nini." Nitakueleza tulichokiona. Lakini kwanza tupitie historia ya samaki huyu, kwa sababu wazo la huyo kijana si geni. Lilianza karibu na hapa karibu miaka mia moja iliyopita, na matokeo yake bado yanaelea ziwani.

Jina kwanza. Kwa Kiingereza ni black bass. Mimi naandika besi, ili usidhani nazungumzia basi la abiria. Utamtambua kwa mdomo: taya lake linapita nyuma ya jicho. Mgongo ni wa kijani kibichi, ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika, na pezi la mgongoni limekaribia kugawanyika mara mbili, la mbele lina miiba. Kwao ni mashariki ya Amerika Kaskazini, kwenye mito na maziwa ya Marekani, na huko hakuna samaki anayetafutwa zaidi na wavuvi wa burudani. Hutafutwa kwa sababu akishika ndoana hupigana, huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na mtu akishamvua mmoja siku hiyo harudi nyumbani mapema.

Sasa Naivasha. Ziwa hili halina mto unaotoka. Mto Malewa na mto Gilgil huingiza maji, na sehemu ya maji hayo hupotelea chini ya ardhi, ndiyo sababu ziwa halikuwa la magadi kama Nakuru au Elementaita. Walowezi walipoanza kujenga kando yake walikuta maji matamu, mafunjo, viboko, ndege wa kila aina, ila samaki walikuwa kama hakuna. Ziwani ilijulikana aina moja tu, kasamaki kadogo kenye macho yanayong'aa, kasikozidi urefu wa kidole. Wataalamu walikaita Aplocheilichthys antinorii. Hapakuwa na mtu wa kukauza, wala wa kukavua kwa burudani.

Kwa mlowezi aliyezoea kuvua kwao, ziwa kubwa lisilo na samaki wa kuvuliwa lilikuwa kama shamba lililolala bure. Mwaka 1925 wakaleta tilapia wa kutoka mito ya upande wa mashariki ya nchi. Mwaka 1929 wakamleta besi kutoka Marekani. Ukiitazama kama mfugaji, mpango una mantiki: kwanza unaweka anayekula majani na vijidudu, kisha unaweka anayemla huyo. Besi waliongezwa tena mwaka 1940, na tena 1951. Ukiona samaki amepandwa mara tatu ziwa lile lile, ujue mambo hayakuwa mepesi kama yalivyosemwa barazani. Miaka ile maji yalikuwa yakipanda na kushuka sana, na besi hutaga kwenye maji mafupi ya ukingoni. Maji yakirudi nyuma, kiota hubaki juani.

Miaka hiyo hiyo Naivasha ilikuwa pia uwanja wa ndege. Usicheke. Kuanzia 1937 hadi 1950 ndege za majini kutoka Uingereza zilitua juu ya ziwa, abiria wakashuka na kupelekwa Nairobi kwa barabara. Kwa hiyo ukingo huu ulikuwa mahali pa wageni wenye fedha muda mrefu kabla ya hoteli za leo, na besi alikuwa sehemu ya karamu yao. Mtu wa kawaida aliyeishi karibu hakuulizwa kama anamtaka. Biashara ya nyavu ilifunguliwa mwaka 1959, miaka thelathini baada ya besi kuingia.

Kuanzia hapo ndipo habari inamhusu mtu kama wewe. Mwaka 1956 walikuwa wameingia tilapia wa aina nyingine mbili, na hao pamoja na besi ndio waliobeba uvuvi wa Naivasha kwa miongo kadhaa. Watu walinunua mitumbwi, wakasomesha watoto, wanawake wakafungua vibanda vya kukaanga. Siwezi kusimama hapa niseme besi hakuleta faida. Nyama yake ni nyeupe, miiba yake ni michache, na ukimkaanga vizuri mteja huuliza kama umebaki naye kidogo.

Na yule kasamaki kadogo? Mara ya mwisho kuripotiwa ilikuwa 1962. Hakaonekani tena.  Wataalamu wanaelekeza kidole kwa besi, na sioni mtuhumiwa mwingine mwenye mdomo wa kutosha. Utasema, "Afisa, kasamaki ka kidole kana thamani gani?" Sokoni hakana. Lakini hatukupewa nafasi ya kujua kalifanya kazi gani majini, kwa mfano kalikula viluwiluwi vya mbu kiasi gani. Tuliuza bila kupima.

Hata tilapia wa mwaka 1925 hakubaki. Alizaana na mmoja wa wale waliokuja 1956, damu ikachanganyika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 yule wa asili alikuwa hayupo tena. Hilo likumbuke siku utakapouziwa vifaranga "wa aina yoyote tu, wote ni tilapia".

Mwaka 1970 akaja mgeni mwingine, kamba mwekundu wa maji baridi. Asili yake ni kusini mwa Marekani, na Naivasha aliletwa kutoka Uganda. Kulikuwa na soko Ulaya, na kwa muda walisafirishwa kwa wingi. Wenyeji wengi hawakumla, na mpaka leo ukimwekea mzee wa hapa sahani ya kamba wale atakuuliza umemkosea nini. Besi yeye alifurahi. Besi wakubwa wa Naivasha wakawa wanaishi kwa kamba kuliko kwa samaki. Lakini kamba alikula pia majani ya ndani ya maji na mayungiyungi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya majani hayo ilikuwa imekwisha. Majani hayo ndiyo maficho ya vifaranga, vya tilapia na vya besi mwenyewe. Kila mgeni anafungua mlango kwa mwingine na kumfungia wa tatu.

Nyavu zikaongezeka, matundu yakawa madogo, maji yakapungua. Mwaka 2001 uvuvi ulikuwa umeshuka mpaka serikali ikafunga ziwa kwa mwaka mzima. Kama una umri wa kutosha unakumbuka vibanda vilivyofungwa. Na wakati huo huo likatokea jambo ambalo nataka mwenye bwawa alisome mara mbili.

Kwenye nyavu akaanza kuonekana samaki ambaye hakuna aliyempanda ziwani. Ni kapi, yule mwenye magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, anayechimbua tope. Watafiti wanaamini alitoka kwenye bwawa la ufugaji huko juu, kwenye mito inayoingia ziwani, akabebwa na maji ya mvua kubwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakukuwa na meli wala mlowezi. Bwawa moja la mtu lilifurika. Ndani ya miaka michache kapi akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wote wanaovuliwa Naivasha. Wapo wanaomshukuru, kwa sababu bila yeye wavuvi wengi wangekuwa wameuza mitumbwi. Sawa. Ila kapi hula akichimba chini, maji yanachafuka, na besi anawinda kwa macho. Leo ukimtafuta besi Naivasha utampata, lakini si kama wanavyosimulia wazee.

Kabla hatujaenda kuvua, nikupeleke mbali kidogo, kisha nikurudishe. Nchini Guatemala kuna ziwa liitwalo Atitlán, limezungukwa na vijiji vya wakulima wadogo wa asili ya Maya. Kati ya 1958 na 1960 waliwekwa besi humo, ili kuvutia watalii wa kuvua. Kabla ya hapo wanavijiji walivua samaki wadogo na kaa kwa vifaa vyepesi, kitoweo cha kila siku cha mtu asiye na fedha. Besi wakala samaki wadogo, wakala kaa. Kulikuwa na ndege wa majini asiyeruka, aliyeishi ziwa lile tu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ametoweka, na besi anatajwa miongoni mwa sababu. Wanavijiji walibaki na samaki mkubwa anayekaa chini zaidi, asiyevuliwa kwa kikapu. Mtalii anaweza kwenda ziwa lingine. Mama mwenye kikapu hana kwa kwenda. Nao Wajapani, waliomwingiza besi mwaka 1925, kuanzia 2005 wamepiga marufuku kwa sheria kumsafirisha akiwa hai.

Haya, twende tukavue.

Nilikutana na mzee bichi ya Kamere alfajiri. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza hapo kwenye ofisi ya kamati ya bichi. Uliza kibali cha kuvua kwa fimbo, uliza sehemu za mazalia zilizofungwa, uliza nani ana boti nzuri na jaketi za kuokolea. Usiingie majini kwa miguu kando ya mafunjo. Viboko wa Naivasha wameua watu, na wengi wao walikuwa watu walioijua njia. Ondoka mapema pia kwa sababu ya upepo. Asubuhi ziwa limetulia kama uji kwenye bakuli, mchana linachafuka. Jina lenyewe Naivasha linatokana na neno la Kimaasai la maji yenye mawimbi, na Wamaasai hawakulitoa hewani.

Vifaa si vya kukutisha. Fimbo nyepesi yenye gurudumu la kukunja mshipi ni nzuri, lakini ufito mgumu wenye mshipi imara unafanya kazi ukiwa karibu na mafunjo. Chukua ndoana za ukubwa wa kati na chubwi dogo sana au usiweke kabisa. Chambo bora ni kamba, kwa sababu ndicho chakula anachokijua. Minyoo minene inafaa. Usitumie samaki hai uliyemtoa maji mengine. Tumeshaona jinsi wageni wanavyoingia.

Besi hamfukuzi samaki kwa mbio ndefu kama jodari wa baharini. Hujificha kando ya kitu, iwe shina la mafunjo, gogo, jiwe au kivuli cha magugu maji, akingoja kinachopita. Kwa hiyo usirushe katikati ya ziwa. Rusha ukingoni mwa kivuli, acha chambo kizame polepole, kisha kivute kidogo, kitulie, kivute tena. Akishika, usivute papo hapo kwa papara. Hesabu moja, mbili, halafu inua. Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi ndio wakati wake, na tena jua likielekea kuzama. Maji yakiwa ya tope, hamia sehemu nyingine badala ya kubadilisha ndoana kumi.

Ukimpata, mshike kwa kidole gumba ndani ya taya la chini. Meno yake ni kama msasa, hayakati. Ila ujihadhari na miiba ya mgongoni. Na ukiona besi amesimama mahali pamoja kwenye maji mafupi hataki kuondoka, mwache. Huyo ni dume analinda kiota. Dume ndiye huchimba shimo kwa mkia, jike hutaga mayai kwa maelfu na kwenda zake, na baba hubaki akifukuza kila kinachosogea hadi watoto waweze kujitegemea. Ukimtoa, mayai yanaliwa kabla hujafika nchi kavu.

Tulikaa saa mbili bila kitu. Mzee alianza kuniuliza kama besi wenyewe wapo au ni hadithi za ofisini. Kisha mshipi wake ukaenda, na mzee wa miaka sitini na zaidi akapiga kelele mpaka furukombe akaruka kutoka mtini. Samaki alikuwa wa kilo moja na kitu. Wakati ule nikaelewa walowezi walikuwa wanatafuta nini, na nikaelewa kwamba kijana wa mzee naye hakukosea juu ya wateja.

Kwenye bichi tulimpasua. Tumboni mlikuwa na kamba wawili, mmoja bado mzima na makucha yake, na mkia wa tilapia wa urefu wa kidole cha kati. Mzee alivipanga juu ya jani la ndizi, akavitazama muda mrefu. Akauliza, "Kwangu hakuna kamba. Atakula nini?"

Ndipo tukaanza kupiga hesabu ya kweli. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, mtaalamu H. S. Swingle alianza miaka ya 1930 kufundisha wakulima kuweka besi pamoja na samaki mdogo kwenye mabwawa ya shambani, mmoja akimpunguza mwenzake. Mpango ulifanya kazi na ulienea. Lakini walikuwa wanapima: samaki wangapi wa kuliwa, wangapi wa kula, kuvua kiasi gani kila mwaka. Besi akizidi, tilapia wadogo wanakwisha kwanza, kisha besi wanadumaa wao, na unabaki na bwawa la samaki wembamba wenye vichwa vikubwa. Kumlisha chakula cha dukani ni kazi, kwa sababu amezoea kitu kinachokimbia. Na ili besi aongeze kilo moja, anakula kilo kadhaa za samaki ambao ungewauza.

Tilapia waliodumaa wana dawa nyingine. Vua wadogo kwa wavu mara kwa mara, wakaushe au wape kuku. Mwaga maji ya bwawa, anza upya na vifaranga madume watupu kutoka kituo kinachotambuliwa. Wengine huweka kambare wachache kwa kazi ile ile ya kupunguza vifaranga, naye hupatikana kwa urahisi na soko lake lipo, ila asitoroke. Weka wavu mzito kwenye mfereji wa kutolea maji, inua kingo kabla ya masika. Na kumhamisha samaki hai kutoka maji mamoja kwenda mengine kunahitaji idhini ya idara ya uvuvi chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, iwe kwa ndoo au kwa mtungi.

Bwawa la mzee, kwa taarifa yako, lina mfereji wa ziada unaoshuka hadi kwenye kijito, na kijito kinaingia mto Gilgil. Nilimwonyesha kwenye simu, njia yote, mpaka ziwani. Hakusema kitu. Alifunga vipande vya samaki kwenye karatasi amepelekee mama watoto, akaniomba nimwandikie namba ya kituo cha vifaranga, na akauliza kama kijana wake anaweza kufanya biashara ya kuwatembeza wavuvi wa fimbo hapo hapo ziwani, bila bwawa.

Anaweza. Jumamosi ijayo tunampeleka kwa kamati ya bichi kuuliza masharti ya boti.